Programu ya kisukari katika mtaa wenye hali ngumu: jinsi ya kuipanga ili watu waimalize

Malengo ya programu ya mtindo wa maisha kwa wenye kisukari aina ya pili yanajulikana. Jaribio la Look AHEAD la Marekani, lililoandikisha watu 5,145 kuanzia mwaka 2001, liliweka malengo yaliyo wazi: kupunguza angalau asilimia 7 ya uzito, kufanya mazoezi dakika 175 kwa wiki, na kula kalori 1,200 hadi 1,800 kwa siku kulingana na uzito wa mtu. Kundi lililofuatwa kwa karibu lilipunguza wastani wa asilimia 8.6 ya uzito katika mwaka wa kwanza. Kundi lililopewa elimu ya kawaida tu lilipunguza asilimia 0.7. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu mashambulizi ya moyo na kiharusi hayakupungua kama ilivyotarajiwa, lakini uzito, sukari na uwezo wa kutembea vilikuwa vimenufaika.

Kinachosahaulika watu wanapoyanakili malengo hayo ni kwamba washiriki walipewa mengi: vikao vya kila wiki kwa miezi sita ya kwanza, milo mbadala ya bure, na wataalamu waliomfuatilia mtu mmoja mmoja. Ukichukua dakika 175 ukaziacha huduma hizo nyuma, kisha ukaenda kuwasomea watu wa mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu wala mboga mbichi karibu, viti vitaanza kubaki wazi mapema. Na watakaoacha kuja ni walewale waliokuwa na hali ngumu zaidi.

Mtaa wenyewe una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1994 na 1998, serikali ya Marekani ilizigawa kwa bahati nasibu familia zilizokuwa zikiishi katika nyumba za umma za maeneo maskini ya miji mitano. Baadhi zilipewa vocha ya kuhamia maeneo yenye umaskini mdogo. Miaka 10 hadi 15 baadaye, wanawake waliopewa nafasi hiyo walikuwa na unene uliokithiri na sukari ya juu kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Hakuna aliyewafundisha lishe wala kuwasimamia mazoezi. Programu haiwezi kumhamisha mtu, lakini inaweza kuacha kupangwa kana kwamba mtaa haupo.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vikundi wanaotaka kuanzisha programu ya watu 15 hadi 40.

Kwanza, upime mtaa kwa miguu

Vipo vipimo rasmi vya umaskini wa maeneo. Marekani ina fahirisi inayochanganya viashiria 17 vya kipato, elimu, ajira na makazi. Uingereza ina yake yenye nyanja saba. Vipimo hivi ni vizuri kwa kuchagua mtaa wa kuanzia, lakini havikwambii kama barabara ina taa. Hilo utalijua kwa kutembea.

Chukua ramani, weka alama mahali wanapoishi washiriki wengi, kisha chora duara ambalo ukingo wake uko kilomita moja kutoka hapo, yaani mwendo wa dakika 12 hadi 15 kwa mtu mwenye afya. Mwenye ganzi miguuni au magoti yanayouma mhesabie mara mbili. Tembea ndani ya duara hilo mara mbili: asubuhi kabla watu hawajaenda kazini, na jioni giza linapoanza kuingia. Mtaa unaopitika vizuri saa nne asubuhi unaweza kuwa haupitiki saa moja jioni, na saa moja jioni ndiyo saa wenye kazi wanayoipata.

Andika mahali penye mboga na matunda mabichi, siku zinapofika na bei yake. Andika mahali panapouzwa vinywaji vya sukari na vyakula vya kukaanga. Mara nyingi utakuta ni karibu zaidi. Andika njia zilizo tambarare, vivuko hatari, mbwa wanaofunguliwa, sehemu zenye kivuli, sehemu za kukaa. Usisahau vyoo. Mtu ambaye sukari yake iko juu hukojoa mara kwa mara, na anayetumia dawa za presha zinazotoa maji mwilini hali kadhalika. Akijua njiani hakuna choo, hatatembea, na hatakwambia sababu.

Maliza kwa kuwauliza watu watano au sita wanaoishi hapo ni njia gani wasingempitisha mama yao. Mgeni mwenye daftari haoni kila kitu.

Mahojiano ya kuingia

Tenga dakika 40 kwa kila mtu, faraghani, kabla hujampandisha kwenye mizani. Mizani ikija kwanza, mazungumzo yote yanageuka kuwa ya kujitetea.

Maswali mawili hayakosekani, na aulizwe kila mtu kwa maneno yaleyale ili asiwepo anayejiona amechaguliwa. La kwanza: katika miezi 12 iliyopita, mliwahi kuhofia kwamba chakula kitaisha kabla hamjapata pesa ya kununua kingine? La pili: kiliwahi kuisha kweli, na pesa ya kununua kingine haikuwepo? Majibu ni matatu: mara nyingi, mara chache, haijatokea. Akijibu mojawapo kwa "mara nyingi" au "mara chache", mhesabu kuwa hana uhakika wa chakula, na mpango wake utabadilika kuanzia hapo.

Watu wengi hukataa swali la kwanza kwa heshima yao. Lainisha kwa kuuliza kuhusu siku badala ya hali:

"Mama, siku mbili tatu kabla pesa haijaingia, huwa mnapika nini?"
"Tunapika kama kawaida."
"Na wewe mwenyewe unakula saa ngapi siku hizo?"
"Mimi? Mimi nasubiri watoto washibe. Kikibaki, nakula."

Hapo umepata jibu ambalo fomu isingelipata: mgonjwa ndiye anayeruka mlo, na huenda bado anameza vidonge vyake vyote kwa wakati kama alivyoambiwa.

Mambo mengine ya kuandika: nani anapika na nani anaamua kinachonunuliwa, chungu kimoja kinalisha watu wangapi, kama kuna jokofu (hili ni muhimu kwa mwenye insulini), saa za kazi na kama ni zamu za usiku, anafanya kazi amesimama au ameketi, anasoma bila shida au anahitaji maelezo ya picha, simu ni yake au ya mtu mwingine. Vua viatu vyake uangalie nyayo na kati ya vidole. Mwenye kidonda haingii kwenye matembezi mpaka kipone. Muulize lini macho yake yalichunguzwa mara ya mwisho, kwa sababu mwenye mishipa iliyoharibika nyuma ya jicho hatakiwi kunyanyua vitu vizito wala kubana pumzi hadi daktari wa macho aridhie.

Dawa kabla ya sahani na viatu

Hapa ndipo programu inapoweza kumdhuru mtu, kwa hiyo usiharakishe.

Insulini na dawa za kundi la salfonilurea, kama glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi, hushusha sukari hata kama mtu hajala. Metformini ikitumika peke yake haina tabia hiyo. Mtu anayeruka milo mwisho wa mwezi huku anameza glibenklamidi yuko hatarini kabla hujamwongezea hatua hata moja ya kutembea. Si nadharia: uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za California ulionyesha kwamba kwa watu wa kipato cha chini, kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka kuliongezeka kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho ya mwezi ikilinganishwa na wiki ya kwanza. Kwa wenye kipato kikubwa ongezeko hilo halikuonekana.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza, peleka kwa daktari orodha ya washiriki wanaotumia makundi hayo mawili na wasio na uhakika wa chakula. Mwombe aandike kwa kila mmoja, kwa lugha nyepesi, afanye nini na dozi siku asipokula. Pengine atabadilisha dawa kabisa. Karatasi hiyo ikae nyumbani kwa mgonjwa, ukutani. Ikibaki kwenye faili la kliniki haimsaidii.

Wenye dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapaglifozini na empaglifozini, wana hatari tofauti. Wakikaa bila kula, wakitapika au wakikata wanga kwa ghafla, asidi inaweza kujikusanya kwenye damu hata kama kipimo cha sukari hakitishi. Wafundishwe kusimamisha dawa hiyo siku za kuugua au kutokula, na kwenda hospitali wakipata kichefuchefu, maumivu ya tumbo au kuhema haraka.

Kila mshiriki ajue hili kwa moyo: sukari chini ya milimoli 3.9 kwa lita, sawa na miligramu 70 kwa desilita, ni kula gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji. Asubiri dakika 15, apime tena, arudie kama haijapanda. Ikipanda, ale kitu. Kama hana mashine ya kupimia, akitetemeka, akitokwa jasho jembamba au akichanganyikiwa, afanye vivyo hivyo bila kusubiri kipimo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Anayetumia insulini au salfonilurea apime kabla ya mazoezi, na ikiwa chini ya milimoli 5 ale wanga kidogo kwanza.

Presha nayo hushuka uzito unapopungua. Anayeanza kuona kizunguzungu akisimama apimwe presha akiwa ameketi na akiwa amesimama, na dawa zipitiwe upya. Jaribio la DiRECT la Uingereza, lililowalisha washiriki kalori 825 hadi 853 tu kwa siku, lilisimamisha vidonge vyao vya kisukari na vya presha siku ya kwanza kabisa, chini ya uangalizi. Karibu nusu yao, asilimia 46, sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa mwaka mmoja baadaye. Matokeo mazuri, lakini mlo wa namna hiyo usijaribiwe kwenye kikundi cha mtaani kisicho na daktari.

Mazoezi ambayo mtaa unayaruhusu

Lengo la mwisho ni dakika 150 kwa wiki au zaidi, na mazoezi ya misuli mara mbili au tatu. Lengo la kuanzia ni dakika 10 kwa siku, ukiongeza dakika 5 kila wiki. Asipite siku mbili mfululizo bila kufanya chochote, maana faida ya zoezi kwenye utendaji wa insulini haidumu zaidi ya hapo.

Kama ramani yako ina njia salama, unda vikundi vya watu 6 hadi 10 wanaoishi karibu, wenye saa maalumu, mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Wa nyuma ndiye muhimu. Kundi lisilo naye humwacha anayechechemea, na wiki inayofuata hutamuona tena. Mwendo sahihi ni ule ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Kama njia salama hakuna, usiwahimize watu watoke. Wape la kufanya ndani. Kiti imara kisicho na magurudumu kiegemezwe ukutani: kuketi na kusimama bila kutumia mikono, mara 8 hadi 12, raundi mbili. Kusukuma ukuta kwa viganja, mara 10. Kuinuka kwa vidole vya miguu ukishika meza, mara 15. Kutembea mahali ulipo kwa dakika 3. Mzunguko mzima ni dakika 10 na hauhitaji kifaa. Ufanyike baada ya mlo mkubwa wa siku, wakati sukari inapopanda, kwani misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo kutoka kwenye damu. Anayeketi muda mrefu asimame kila baada ya nusu saa.

Na kuna mtu ambaye hahitaji kuongezewa hatua. Anayebeba mizigo au kusimama saa kumi kwa siku ukimwambia akatembee jioni atakuona hujui maisha yake, na atakuwa sahihi. Huyo mpe mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki siku asizofanya kazi, viatu vinavyomtosha, na ukaguzi wa nyayo kila usiku.

Chakula kinachopatikana mwendo wa dakika 15

Usianze na orodha ya vyakula bora. Anza na kilichonunuliwa. Kwa wiki moja mshiriki aandike, apige picha au amweleze mjukuu aandike kila kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya jikoni. Hapo mchague badiliko moja, si matano. Mara nyingi vinywaji vya sukari ndivyo vya kwanza kuondolewa, kwa sababu kuviacha kunaokoa pesa badala ya kuigharimu.

Mgawanyo wa sahani unafahamika: nusu mboga, robo wanga, robo protini, kwenye sahani ya kipenyo cha sentimita 23 hivi. Unapokwama ni pale ambapo familia nzima inakula chungu kimoja. Kumpikia mgonjwa peke yake ni gharama ya pili ya nishati na ni fedheha mezani, hakudumu. Badilisha chungu chenyewe kidogokidogo, na badilisha mpangilio wa kupakua: mboga kwanza, kisha protini, wanga mwisho.

Bei ipimwe kwa kilichomo, si kwa ukubwa wa pakiti. Gramu 100 za kunde kavu zina protini gramu 20 hadi 25. Gawanya bei kwa gramu za protini, fanya hivyo kwa nyama na mayai pia, kisha waonyeshe washiriki ubaoni kwa bei za maduka yao. Zoezi hili la robo saa lina thamani kuliko mhadhara wa saa nzima. Mboga zilizogandishwa zinafaa sawa na mbichi. Za kopo pia zinafaa, mradi zimwagwe maji yake na kusuuzwa kupunguza chumvi.

Kwa wanaoishiwa, kalenda ina uzito kuliko sahani. Siku pesa inapoingia, vyakula vikavu vya wiki ya mwisho vinunuliwe kwanza na kuwekwa kando. Na yeyote anayeruka milo asipewe lengo la kupunguza kalori. Lengo lake la kwanza ni kula kwa saa zinazoeleweka na kuunganishwa na msaada wa chakula uliopo.

Uzito: kwa wengine, asilimia 5 hadi 7 ndani ya miezi sita inatosha kuanzia. Mtu wa kilo 92 anahitaji kupunguza kilo 6.4 kufikia asilimia 7. Mwambie kwa kilo. Asilimia hazimwambii kitu.

Vikao na wanaokosa

Kikao kimoja kila wiki kwa wiki 12, kila wiki mbili kwa miezi mitatu inayofuata, kisha kila mwezi hadi mwaka utimie. Saa moja na robo inatosha. Mahali pawe ndani ya lile duara la kilomita moja, na pasiwe lazima hospitali. Kikao kilekile kifanyike mara mbili kwa wiki, mchana na jioni, ili mwenye zamu asikose. Watoto waruhusiwe, na awepo wa kuwaangalia.

Mwezeshaji anayetoka mtaa huohuo anafaa kuliko mtaalamu wa mbali, mradi amefundishwa na analipwa. Ukimtegemea kwa kujitolea, naye ana mwisho wa mwezi wake.

Anayekosa kikao apigiwe ndani ya siku moja, na sababu iandikwe kwa alama fupi: U umbali, K kazi, N nauli, M mtoto au mgonjwa nyumbani, H hofu ya usalama, A aibu, Z nyingine. Mwezi mmoja wa alama hizo utakuonyesha tatizo la programu yako liko wapi. Neno "hana nidhamu" halimo kwenye orodha kwa makusudi, kwa kuwa likiwemo litajaziwa kila mtu.

Kupima matokeo bila kujidanganya

HbA1c ipimwe mwanzo na kila miezi mitatu. Mapema zaidi hupati picha kamili, kwani kipimo hicho husoma sukari ya wiki 8 hadi 12 zilizopita. Mwenye selimundu, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni, usiamini namba hiyo peke yake. Uzito na kiuno vipimwe kila kikao cha mwezi, kwa mizani ileile.

Kisha gawa matokeo kulingana na mahali na uhakika wa chakula, na hesabu kuanzia walioandikishwa, si waliomaliza. Tuseme ulikuwa na watu 20 wanaoishi penye nafuu na 20 wanaoishi penye shida. Wa kwanza 18 wamemaliza, wa pili 9, na kila aliyemaliza amepunguza kilo 5. Ukihesabu waliomaliza tu, pande zote ni sawa na utaandika ripoti nzuri. Ukihesabu wote 20, na walioondoka ukiwawekea sifuri, upande mmoja una wastani wa kilo 4.5 na mwingine 2.25.

Tofauti ikiwa kwenye mahudhurio, hamisha kikao, badilisha saa, lipa nauli. Ikiwa mahudhurio ni sawa lakini sukari haishuki upande mmoja, tatizo liko kwenye maudhui au dawa: rudi kwenye maswali mawili ya chakula na kwa daktari. Kwa kundi dogo usitangaze ushindi kwa tofauti ya kilo moja.

Yatabaki mambo ambayo kikundi hakiyawezi: taa, kivuko, choo cha umma, soko la mboga. Haya yaandikwe kwenye ukurasa mmoja na kupelekwa kwa mamlaka ya mtaa baada ya miezi mitatu ya kwanza, pamoja na ramani na hesabu ya alama H na U. Ombi liwe moja kwa barua moja, lenye mahali kamili, mfano taa tatu kati ya kona hii na ile, na idadi ya washiriki wanaopita hapo kwa wiki. Barua ya pili iandikwe pale ya kwanza itakapojibiwa au baada ya siku 60.